Bibi hasikiki, mchekeshaji hachekeshi: je, ninunue spika kubwa zaidi?

"Nina ukumbi mdogo hapa Tanga, zamani ulikuwa ghala. Urefu mita 12, upana mita 8, dari ya jipsamu iko mita 4 juu. Kuta ni za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya simenti, viti vya plastiki 80. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya usiku wa vichekesho, hadithi na taarab ya watu watano. Muziki unapendeza, ila vichekesho vinaanguka. Wachekeshaji wawili waliotoka Dar wameniambia watu wa Tanga ni wagumu kucheka. Tukipata watu 30 hali huwa mbaya kuliko tukipata 70. Mwezi uliopita bibi mmoja mtambaji hadithi, ambaye mtaani kwake watoto humzunguka hadi usiku, hakusikika. Watu wakaanza kuchezea simu, naye akakatisha hadithi katikati akaenda kukaa. Roho iliniuma. Fundi wa mitambo anasema tununue spika mbili za inchi 18. Mwenzangu anasema hadithi zimepitwa na wakati, tuziondoe tubaki na muziki na vichekesho. Nifanye nini?"

Ndugu yangu,

Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale bibi alipokatisha hadithi akaenda kukaa. Mtu aliyezoea kuwashika watoto kuanzia magharibi hadi usingizi uwachukue hashindwi kazi yake kwa sababu tu amepandishwa jukwaani. Kuna kitu kilichomnyang'anya sauti. Kitu hichohicho ndicho kinachowanyang'anya wachekeshaji wako vicheko, na spika za inchi 18 zitakiongezea nguvu.

Kwa hiyo jibu la haraka ni hili: spika usinunue, na bibi usimwondoe. Fedha ulizotenga zielekeze kwenye kuta, kisha usogeze viti, kisha upange upya usiku wako. Nitakueleza sababu kwa urefu, maana fundi wako atakubishia na itakubidi uwe na la kumjibu.

Nianze na maneno ya wageni wako kutoka Dar. Tanga ni mji wa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, mji alikoimbia Shakila. Watu wake wamelelewa kwenye mafumbo. Shabiki wa taarab hukaa akisubiri neno moja ndani ya ubeti, na likitua anajua limemlenga nani, anainuka na noti mkononi. Sikio la namna hiyo haliwezi kuwa gumu kwa kichekesho kilichotamkwa likakisikia. Na ushahidi umeniandikia mwenyewe: watu 70 hucheka kuliko watu 30. Ugumu ungekuwa mioyoni mwa watu, ungekuwa uleule kila Jumamosi. Kinachobadilika ni idadi ya miili iliyomo chumbani.

Sauti ikitoka mdomoni haimfuati msikilizaji peke yake. Inasambaa pande zote kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde, inagonga ukuta, inarudi, inagonga sakafu, inapanda darini, inashuka tena. Kila inapogonga, sehemu fulani humezwa na inayobaki hurudishwa chumbani. Ukuta wa plasta humeza kidogo mno, kama sehemu 3 kati ya 100. Sakafu ya simenti humeza hata chini ya hapo. Viti vya plastiki ni kana kwamba havipo. Ndiyo maana neno likishatamkwa katika ukumbi wako haliondoki. Linazunguka huku maneno mengine yakilifuata na kulipanda mgongoni. Wengi huita hali hii mwangwi, lakini mwangwi ni ile sauti inayokurudia peke yake ukiita bondeni. Huu wa kwako ni mvumo: sauti mia zilizorundikana zikawa uji.

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa hesabu alikuwa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara ambamo hakuna aliyemwelewa mzungumzaji, kwa sababu neno moja lilidumu hewani zaidi ya sekunde 5. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa kimya, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akiiweka kidogokidogo na kupima sauti inachukua muda gani kufa. Aligundua kwamba muda huo unategemea vitu viwili: ukubwa wa hewa iliyomo chumbani, na wingi wa vitu laini vinavyoweza kuimeza sauti. Na miongoni mwa vitu hivyo laini yumo binadamu na nguo zake.

Nimechukua vipimo vyako nikavipitisha kwenye kanuni yake. Hewa ya ukumbi wako ni mita za ujazo 384. Ukiwa mtupu, sauti inachukua kama sekunde 5 kufa. Wakiingia watu 30, inashuka hadi sekunde 2 na nusu hivi. Wakijaa 80, inafika sekunde 1.3. Hizi ni hesabu za mezani, sikioni zitatofautiana kidogo, lakini ulinganifu wake hautakudanganya. Ukumbi mdogo wa kuzungumzia unahitaji chini ya sekunde 1. Hata siku yako nzuri kabisa bado uko nje ya mstari, na siku ya watu 30 uko mbali nao sana. Taarab inapendeza kwa sababu sauti ya udi na fidla inayoendelea kuning'inia hewani huupa muziki utamu. Kinachomremba mwimbaji ndicho kinachommaliza mchekeshaji.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linakihusu Kiswahili chenyewe na mafundi wengi hawaligusi. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na irabu ndiyo sehemu yenye nguvu ya sauti. Konsonanti ni nyepesi na fupi. Katika chumba chenye mvumo, irabu ya silabi iliyopita inakuwa bado inavuma wakati konsonanti ya silabi inayofuata inapita, nayo inafunikwa. Sasa fikiria kitenzi chetu. Alinipiga, alimpiga, alitupiga, alijipiga: habari ya nani aliyepigwa imekaa kwenye kisilabi kimoja katikati ya neno, tena kisicho na mkazo. Mchekeshaji anasimulia jirani aliyechukua fimbo kumkimbiza mwizi, mwishowe "akajipiga". Ukumbi wa mbele unacheka. Ukumbi wa nyuma umesikia "akampiga", na hakuna la kuchekesha katika mtu kumpiga mwizi. Wale wa nyuma hawajui kwamba hawakusikia. Wanadhani wamesikia, na wanadhani jamaa hachekeshi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jaribio hili mchana mmoja. Chukua daftari uandike maneno 20 ya namna hiyo yaliyochanganywa: alinipa, alimpa, alitupa, aliwapa, alijipa, na mengine ya vitenzi vingine. Mkalishe mtu safu ya mwisho na kalamu. Simama jukwaani uyasome moja moja ndani ya sentensi, kwa kasi ya mchekeshaji, mara ya kwanza bila maiki, mara ya pili na maiki. Atakachoandika kitakuonyesha hali yako kuliko kifaa chochote. Akikosea manne au matano, umepata maelezo ya vicheko vilivyopotea. Mpe karatasi hiyo fundi wako aione.

Spika za inchi 18 sasa. Kazi ya spika ya ukubwa huo ni sauti nzito: besi, ngoma, kile kishindo unachokihisi kifuani. Konsonanti zinazobeba maana zinaishi juu sana ya hapo, kati ya hezi 1,000 na 4,000 hivi, hezi zikiwa idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde. Ukiongeza nguvu ya chini, unaongeza mvumo ule ambao ni mgumu zaidi kuumeza, na ukiongeza sauti kwa jumla, unaongeza na kinachorudi kutoka ukutani kwa kipimo kilekile. Uwiano wa neno na uji haubadiliki. Miaka ya nyuma nilikuwamo kwenye kikundi kilichofanya hivyohivyo katika ukumbi wa shule mjini Dar. Tulikodi mitambo mikubwa, watu wakatoka na masikio yanayolia, na hakuna aliyeweza kuturudia hata mstari mmoja wa igizo.

Spika ulizonazo huenda zinatosha kabisa kwa chumba cha mita 12. Ziinue juu ya vichwa vya watu waliokaa, uziinamishe kidogo zielekee safu za katikati na nyuma, ili sauti yake iangukie miili badala ya ukuta. Ziwe mbele ya maiki, kamwe zisiwe nyuma yake, ndipo utakapopungua ule mluzi unaotokea maiki inapodaka sauti ya spika zake yenyewe. Mwambie fundi apunguze besi kwenye njia ya mzungumzaji. Kisha mwombe kwa upole lakini bila kulegeza: eko, ile sauti ya kujirudia inayotiwa na mtambo, izimwe. Najua washereheshaji wetu wanaipenda, inawapa sauti ya mkutano wa hadhara, lakini wewe una eko ya bure kwenye kuta zako na ndiyo unayopambana nayo. Na mchekeshaji akiwa jukwaani, maiki za wanamuziki zote zifungwe. Kila unapoongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za sauti uliyoweza kuitoa kabla ya mluzi kuanza. Mshika maiki aiweke vidole vitatu kutoka mdomoni na asiifunike kichwa kwa kiganja, hata kama amewaona wasanii wa kufokafoka wakifanya hivyo.

Sasa kuta. Unachohitaji ni mapazia mazito ya kitambaa, yenye mikunjo mingi. Nunua kitambaa chenye upana mara mbili ya ukuta ili kikikusanywa kijikunje, na kitundike sentimita 10 hadi 15 mbele ya ukuta, kwa sababu ile nafasi ya hewa nyuma yake ndiyo inayokisaidia kumeza sauti za chini kidogo. Anza na ukuta wote wa nyuma unaotazamana na jukwaa, mita za mraba 32, kisha uongeze kama mita za mraba 9 kila ubavu upande wa nyuma. Jumla ni 50. Kuta zilizo karibu na jukwaa ziache wazi. Sauti inayorudi mapema sana, ndani ya sehemu 50 za elfu za sekunde, sikio huiunganisha na sauti yenyewe na humsaidia mzungumzaji. Mapazia hayo yatashusha siku ya watu 30 kutoka sekunde 2 na nusu hadi 1.2 hivi, na siku ya ukumbi kujaa hadi chini kidogo ya 0.9. Hapo ndipo utakapoona Tanga inavyocheka.

Kuna hasara moja nisiyotaka kukuficha. Mapazia yataifanya taarab yako isikike kavu, na wanamuziki watalalamika, na watakuwa na haki. Ndiyo maana nakushauri yatundikwe kwenye bomba au reli yasogee. Wakati wa maneno yafunguliwe yote yafunike ukuta. Muziki ukianza, vijana wawili wayakusanye pembeni. Ni kazi ya dakika moja, na ukumbi mmoja unakuwa kumbi mbili. Pia yapo ambayo pazia haliyawezi. Mvua ikipiga bati, dari ya jipsamu itapunguza kelele kidogo tu, na usiku huo unaweza kulazimika kubadili ratiba ukaanza na muziki hadi mvua ipite. Jenereta iliyo dirishani ihamishwe. Panga boi zinazokwaruza zitiwe mafuta.

Kapeti utashauriwa, na si kosa, ila usitegemee mengi. Linameza sauti za juu tu na kuacha za chini, kwa hiyo chumba kilichotandikwa kapeti pekee huwa kizito bila kuwa wazi zaidi. Faida yake kubwa ni kuua kelele za miguu ya viti. Utaambiwa pia ubandike trei za mayai. Hazisaidii kwa kiwango chochote cha maana, na ni karatasi kavu inayosubiri cheche.

Halafu kuna magodoro. Najua mtu atakuja kukuambia ukate godoro la sponji ubandike ukutani, ni rahisi na kweli linameza sauti. Nakusihi usifanye hivyo. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya usiku mjini West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani zilishika sponji ya aina hiyo iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti, na watu 100 wakafa. Tarehe 27 Januari 2013, mjini Santa Maria, Brazil, likatokea jambo lilelile, wakafa 242. Sponji hiyo haiungui taratibu kama mbao. Inawaka kwa kasi na moshi wake una sumu, ndani ya dakika chache mlango hauonekani. Hata kitambaa chako cha pazia, kata kipande, kipeleke nje ukikaribishe kwenye moto. Kikiwaka kama karatasi na kudondosha matone, kirudishe dukani. Na fataki ndani ya ukumbi huo zisiwepo siku yoyote ile.

Viti ni kazi ya bure na faida yake ni kubwa. Kicheko ni kitu cha kuambukizana. Mtafiti Robert Provine, aliyekichunguza kwa miaka mingi, alikuta kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Lakini maambukizi yanahitaji ukaribu. Mtu aliyekaa na viti vitatu vitupu kila upande yuko peke yake hata kama ukumbi una watu 30, na akisikia kicheko chake kikitoka kimoja kimoja ataona haya na kukimeza. Kwa hiyo ukitarajia watu 30, toa viti 35 tu. Vingine vifungie stoo. Vibane, goti karibu na mgongo wa aliye mbele, na safu ya kwanza iwe mita moja na nusu kutoka jukwaani, wala si mita nne kama nilivyoona kumbi nyingi zinavyofanya kwa kuwaachia nafasi wageni rasmi ambao hawaji. Kwenu Tanga akina mama wengi hupenda kukaa pamoja. Waachie upande wao, lakini pande zote mbili zikaribiane, pasiwe na uwanja katikati. Njia ya kutokea ibaki wazi, milango isifungwe kwa kufuli, na watu wako wajue nani wa kuifungua umeme ukikatika.

Taa nazo zina sehemu yake. Zima zile tyubu nyeupe. Mtu anayejiona anaonekana hacheki kwa uhuru. Mwangaza uwe kwa mchekeshaji, kutoka mbele pande mbili, juu kidogo ya macho, ili tuone uso wake. Nusu ya kichekesho iko kwenye nyusi. Kwa bibi nitakuambia tofauti hivi punde.

Mpangilio wa usiku sasa. Kuchanganya muziki, vichekesho na masimulizi katika tiketi moja si jambo geni kwetu. Miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano, na TOT (Tanzania One Theatre) kuanzia 1992, vilikuwa vikiweka ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo na taarab katika onyesho moja, watu wakakaa saa nyingi. Siri ilikuwa kujua kipi kinamfuata kipi. Muziki wa nguvu ukimtangulia mzungumzaji, unamharibia kwa njia mbili. Masikio yaliyopigwa sauti kubwa kwa nusu saa hulegea kwa muda, yasizisikie sauti nyepesi, yaani zilezile konsonanti. Na mwili ulioamshwa kucheza hautaki kuambiwa utulie. Halafu taarab ina desturi yake ya kutunza: mtu anainuka, anapita katikati ya watu, anamwekea mwimbaji noti, anarudi kwa madaha. Huwezi kuizuia na hupaswi, lakini mwendo huo ukiwa umeshaanza, mchekeshaji atakayefuata atazungumza na migongo.

Ningekuwa mimi, ningeandika kwenye tangazo saa 2:30 usiku, watu wakiwa wametoka isha. Udi peke yake, bila spika, wakati watu wanaingia. Waliochelewa hawamkatizi mtu. Kisha mshereheshaji mchangamfu, dakika 10, kazi yake ni kuusogeza umati karibu na kuupashia joto. Kisha bibi. Ndiyo, bibi mapema, kabla ya wachekeshaji. Kisha mapumziko ya chai na kashata, wachekeshaji wawili wasiozidi dakika 20 kila mmoja, na taarab mwisho kabisa, mapazia yakikunjwa na safu mbili za mbele zikiondolewa ili njia ya kutunza ipatikane.

Kwa nini bibi mapema? Mwenzako anadhani hadithi ni mzigo unaobebwa na vichekesho. Mimi naiona kinyume. Mtambaji anapoita "Hadithi! Hadithi!" na watu wakajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", ukumbi wote umevuta pumzi pamoja na kutoa sauti pamoja. Watu 30 waliokuja kila mmoja na lake wamekuwa kundi moja kwa sekunde 5. Anapofika kwenye wimbo wa ndani ya hadithi na watu wakapokea kiitikio, wamefanya hivyo mara ya pili, ya tatu, ya nne. Wamezoea kufungua midomo mbele ya wageni. Mchekeshaji atakayekuja baadaye anawakuta wameshalainika. Ukimtoa bibi ukabaki na spika na vichekesho, umemtoa aliyekuwa akikufundishia ukumbi kusikiliza.

Tatizo lake lilikuwa umbali. Sauti ya mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60 ukiwa mita 1. Kila umbali ukiongezeka maradufu, ile inayokufikia moja kwa moja inashuka desibeli 6. Mita 2 ni 54, mita 4 ni 48, mita 8 ni 42. Panga boi mbili zinazozunguka zinaweza kuwa na kelele ya desibeli 50. Aliyekaa safu ya sita alikuwa anasikia feni na mvumo, na kwa mbali anaona kikongwe anayetikisa mikono. Na kama ulimpa maiki, naye hajazoea, huenda aliishika tumboni kama wengi wafanyavyo. Mtu anayetamba hadithi anahitaji mikono yake yote miwili. Sungura anaruka kwa mikono, fisi anatembea kwa mabega.

Usimwinue jukwaani. Mkalishe kwenye kigoda juu ya mkeka, kwenye usawa wa watu, na viti vimzunguke kwa nusu duara, safu tatu tu, asiwe mbali na mtu yeyote zaidi ya mita 4. Safu ya mbele iwe mikeka, watoto na vijana wakae chini, ili wa nyuma wamwone. Feni zizimwe kwa dakika zake 15. Taa za ukumbi ziache ziwake hafifu, kwa kuwa mtambaji hufanya kazi na macho ya watu na gizani atakuwa kipofu. Ukipata maiki ndogo ya kuvaa kichwani ya kuazima, sawa, sauti iwe ya kuongezea tu. Ukiikosa, kwa mpangilio huo na mapazia yale, huenda asiihitaji.

Yapo ambayo barua haiwezi kuyamaliza, na hapo umwite mtu aje asimame ndani. Taa na reli za kuning'iniza darini, hasa katika ghala la zamani, zikaguliwe na fundi ujenzi kabla hujatundika chochote. Nyaya za mitambo zishughulikiwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ukisikia maiki inapiga shoti midomoni mwa watu, simamisha onyesho, kwa kuwa hiyo ni ethi mbovu, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini haufanyi kazi, na inaua. Waalike Zimamoto waje waone milango, mapazia na idadi ya viti. Kwa vibali vya maonyesho anza na ofisa utamaduni wa halmashauri yako, na kwa nyimbo za watu wengine zinazopigwa ukumbini uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kuhusu sauti kubwa, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15 kuwa ukomo wa kumbi za burudani. Katika chumba chako kidogo baki chini sana ya hapo. Ukiona wewe au fundi wako mnarudi nyumbani na mlio masikioni ambao asubuhi bado upo, nendeni hospitali kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na mchekeshaji au mwimbaji ambaye sauti imemkauka zaidi ya wiki 3 aende kwa daktari huyohuyo. Tangawizi na asali zitamfariji, lakini hazimchunguzi.

Kama fedha hazitoshi kwa yote, anza na viti, kuzima eko na kumhamisha bibi, maana hayo hayagharimu kitu. Kisha pazia la ukuta wa nyuma. Ubavu unaweza kusubiri miezi miwili.

Na kabla ya yote, nenda kwa bibi mwenyewe. Usimpigie simu, nenda. Mwambie kosa lilikuwa la chumba, na kwamba umeshajua. Mwombe aje Jumanne moja mchana, pasipo watu, akiwa na wajukuu zake watatu wanne, akae mahali popote ndani ya ukumbi anapoona panafaa na awatambie kidogo. Wewe shika chaki. Atakapotulia, chora mahali alipoketi na mahali walipoketi watoto, kisha upange viti vyako kuanzia hapo.